Chupa ya Hajati

Msumari ukiwekwa kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, kisha ukachomekwa kwenye chupa ya plastiki, hutoa harufu moja mbaya sana. Hukwama kooni, huingia kwenye nywele, na nguo zilizoanikwa karibu hukaa nayo mpaka kesho yake. Juzi nilikuwa chumbani kwangu, hapa Jinja, nakunja nguo, harufu hiyo ikanijia kutoka uani. Nilitoka mbio kama niliyeitwa jina. Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya sigiri ya makaa, msumari ameushika kwa koleo kwa mkono wake wa kushoto, chupa ya maji ameibana kati ya magoti, na simu yangu ameiegemeza kwenye jerikani. Kwenye simu, paka mmoja mnene wa Wazungu alikuwa anausukuma mpira wa plastiki wenye matundu, na kila ulipobingirika punje ya chakula ilidondoka naye akaidaka.

"Mama, tazama! Hawa paka wamefundishwa. Na mimi namtengenezea wetu."

Nilitaka kumgombeza kwa kuchezea moto. Badala yake nikakaa palepale kwenye saruji.

"Hilo si jambo jipya," nilimwambia mwishowe. "Babu yako alikuwa nalo kabla hujazaliwa."

Hakuniamini. Watoto wa siku hizi, jambo lisipokuwa kwenye simu halijatokea. Basi acha nilieleze kwenu nyinyi wa rika langu, ambao mmewahi kukaa kwenye mkeka mmoja na familia nzima kuzunguka sinia moja, kwa sababu bila hilo sinia hamtaelewa kitu.

Tuliishi Nakaloke, ule mji mdogo ulio kaskazini mwa Mbale, kwenye nyumba ya vyumba vitatu karibu na soko. Kimoja kati ya vyumba hivyo kilikuwa ghala la Baba. Baba alikuwa mchuuzi wa mukene, wale samaki wadogo wa ziwani ambao watu wa pwani huwaita dagaa. Alikwenda kuwanunua Masese, kwenye mwalo wa wavuvi ulio karibu na Jinja, akarudi na magunia, akayauza Nakaloke na Mbale. Aliwahi kunichukua mara moja. Nakumbuka mchanga uliofunikwa na mukene mpaka ukang'aa, wanawake wakiwageuza kwa mafagio, na ndege wakubwa wenye vipara, kaloli, wakitembea kandokando kama wenye mali. Nilirudi nyumbani nikinuka ziwa, na Baba akaniambia kwamba hiyo ndiyo harufu ya ada yangu ya shule, nisione haya. Niliona haya hivyo hivyo. Darasani hakuna aliyetaka kukaa na mimi dawati moja.

Nyumbani tulikuwa watano: Baba, Mama, Jaja ambaye alikuwa mama mzazi wa Baba, mimi, na mdogo wangu Siraji aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema sentensi nzima. Mama ni Msoga wa Jinja, Baba Mmasaba, na Kiswahili cha sokoni ndicho kilichowakutanisha, kwa hiyo ndicho tulichokulia. Wa sita alikuwa paka. Alikuwa mweupe kuanzia masikio mpaka mkia, ndiyo maana Baba akamwita Hajati. Jaja hakupenda. "Paka hajaenda Makka," alisema, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyemmegea vichwa vya samaki kwa siri. Kazi ya Hajati ilikuwa kuwalinda mukene dhidi ya panya, na kazi hiyo aliifanya akiwa amelala juu ya magunia, macho ameyafumba.

Sasa nije kwangu. Mimi nilizaliwa mashoto. Kijiko, fimbo, kalamu, jiwe la kumtupia Siraji, vyote vilikwenda kushoto vyenyewe kabla sijafikiri. Kwa mambo mengine walinivumilia. Kwenye chakula, hapana. Mkono wa kushoto kazi yake tunaijua, na Jaja alisema anayekula nao anakula pamoja na shetani. Jirani wakija kula wakaona mtoto anaingiza kushoto kwenye sinia, aibu ni ya wazazi. Basi Baba alichukua kipande cha leso ya Mama, na kila jioni kabla ya kula aliufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. Hakunipiga hata siku moja. Alifunga taratibu, fundo laini, huku akinitania. "Mkono hauna akili yake," alisema. "Mkono unaambiwa tu." Wa kulia ulikuwa mzito, ulimwaga mchuzi, ulidondosha posho, ugali wetu, kabla haijafika mdomoni. Nililia, nikala, nikazoea. Leso ilipoacha kutumika nilikuwa nimejifundisha kuukalia mkono ule mwenyewe. Naingia kwenye mkeka, nauweka chini ya paja, nala. Mkono ulikufa ganzi mpaka nikimaliza unakuwa kama wa mtu mwingine.

Halafu asubuhi moja Baba alikuwa sokoni anainua gunia, gunia likateremka upande mmoja, naye akaanguka nalo. Watu wakadhani ameteleza. Alipojaribu kusema, mdomo ulikuwa umekwenda pembeni. Kiharusi. Alikaa hospitalini Mbale, sisi watoto tukakaa na Jaja, na nyumba nzima ikawa roho juu juu. Aliporudi, mdomo ulikuwa umekaa mahali pake, mguu ulikuwa unaburuzika lakini unakwenda. Mkono wa kulia ndio haukurudi. Ulining'inia, vidole vimejikunja, baridi hata mchana.

Muuguzi alikuwa amemwambia aokote maharagwe kutoka bakuli moja kwenda lingine, moja moja, kwa mkono ule ule mgonjwa. Mama akamwekea mabakuli mawili barazani. Baba akajaribu, haragwe likamponyoka, likabingirika mpaka kwenye mguu wa Siraji, na Siraji akacheka kwa sababu alidhani ni mchezo. Baba akalipiga bakuli teke kwa ule mguu mzima.

"Mimi si mtoto wa nasari," alisema. Maharagwe tuliendelea kuyakuta kwenye nyufa za baraza mpaka mvua ilipoyaotesha.

Jioni ile Jaja alitandika mkeka, Mama akaweka sinia, sote tukakaa, na Baba hakuja. Mama akamfuata. Tukasikia sauti zao chini chini. Mama akarudi, akapakua chakula kwenye sahani, akaifunika kawa, akampelekea chumbani, mlango ukafungwa. Kesho yake vivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi. Jaja aliacha nafasi yake kwenye mkeka, upande wa mlangoni, na yeyote aliyesogea kuiziba alipigwa kofi la bega. Tulikula tukiitazama ile nafasi. Siku moja Jaja alikwenda kusimama nje ya mlango wa chumba akaomba kwa sauti iliyopasuka: "Mwanangu, njoo ule nasi. Kula hata kwa huo mwingine. Mungu anakuona ulivyo, bambi, maskini."

"Mbele ya watoto?" Baba alijibu kutoka ndani. "Mbele ya huyu niliyemfunga leso?"

Nililisikia hilo kwa masikio yangu, na sikulielewa. Nilichosikia ni kwamba Baba hataki kula mbele yangu mimi. Tangu hapo sikutulia. Mama alikuwa amechukua safari za Masese mahali pa Baba, kwa hiyo alikuwa anaondoka kabla ya adhana na kurudi jua likizama, na mimi nilikuwa kiguu na njia, kutoka barazani kwenda uani, kutoka uani kwenda kwenye ghala, kutoka ghala kwenda barabarani kutazama teksi za Mbale kama Mama ameshuka. Jaja aliniambia nitakanyaga njia yangu mwenyewe kwenye ule uwanja, na kweli nilikuwa nimeikanyaga, nyasi zilikuwa zimelala.

Jambo lililonitisha zaidi ni hili. Kila mlango wa chumba ulipofunguliwa baada ya chakula, wa kwanza kutoka alikuwa Hajati, akijilamba masharubu. Nilimtazama Baba anavyokonda, nikamtazama Hajati anavyonenepa, nikapiga hesabu yangu ya kitoto. Baba hali. Chakula chote anampa paka. Ametuacha sisi, amemchagua yeye, na siku moja tutafungua mlango tumkute amekufa njaa na paka ameketi juu yake. Nilimwambia Jaja. Jaja akasema nisilete uchuro. Sikumwambia mwingine, nilibaki nayo, ikawa inanichoma usiku na mchana.

Aliyekuja kubadilisha mambo alikuwa Afande. Huyu alikuwa jirani yetu, askari magereza kutoka kaskazini, Mkristo, mrefu hata ilimbidi ainame ndipo aingie mlangoni kwetu. Kiswahili chake alikiokota kazini, akakitumia kama rungu. Alikuwa rafiki wa Baba wa chai ya jioni, na alikuwa karibu mtu pekee ambaye Baba hakumfukuza. Siku moja alikuta panya wametoboa gunia. Alisimama mlangoni mwa ghala, mikono kiunoni, anamtazama Hajati amelala.

"Mzee," alimwita Baba, "hii paka iko na cheo gani hapa? Panya inaingia kwa gunia, inakula mali yako, na yeye inalala tu kama afisa."

"Mwache," Baba akasema. "Ni mzee kama mimi."

"Hapana! Sisi kule gereza, mtu akikula bure anakuwa na matata. Tunampa kazi. Hii paka lazima ipate kazi. Kadogo!" Kadogo nilikuwa mimi. "Lete chupa ya maji. Na msumari."

Akatengeneza palepale, kwenye sigiri ya Jaja. Alitoboa tundu moja kubwa ubavuni mwa chupa, dole gumba lingepita, kisha akakaza kifuniko kwa koleo mpaka kisifunguke tena. Ile harufu ikajaa uani, Jaja akakohoa na kulaani. Afande akaiweka chupa kwenye mapaja ya Baba pamoja na konzi ya mukene.

"Unaingiza hapa, moja, moja. Paka inasukuma, samaki inatoka. Asiposukuma, hakuna kula."

"Mpe huyu mtoto ajaze," Baba akasema.

"Hapana mtoto! Paka ikilishwa na kila mtu haiwezi tii amri. Mwenye nyumba ndiyo anaweka. Na mkono wa kulia, Mzee. Sisi hapa ni watu wa heshima, hata paka hatuwezi lisha na kushoto. Ama namna gani?"

Walitazamana. Nakumbuka walitazamana kwa muda usio wa kawaida, Afande ananyanyua nyusi, Baba anamkazia macho. Nilidhani watagombana. Halafu Baba akauinua ule mkono wake kwa mkono mzima, akauweka juu ya rundo la mukene kama mtu anayeweka kitu kisicho chake.

Alitumia asubuhi nzima kujaza chupa ile. Na Hajati alitumia mchana mzima kuichukia. Kwanza aliinusa akaizunguka. Aliwaona mukene ndani, mkia ukawa unapigapiga. Aliilamba plastiki. Alijaribu kupitisha kichwa kwenye tundu, hakikupita, akanitazama mimi kama mimi ndiye niliyemwibia. Alipoipiga kwa hasira ikabingirika na kutoa kelele, akaruka mpaka juu ya ukuta, manyoya yamemsimama. Mukene mmoja alikuwa amedondoka. Hajati aliteremka polepole, akamla, akaitazama tena ile chupa. Unamwona kabisa paka anafikiri. Akaipiga tena, safari hii akiwa amejiandaa kukimbia. Samaki mwingine. Baada ya siku chache hakukimbia tena. Baada ya hapo akagundua jambo ambalo hakufundishwa na yeyote: aliisukuma chupa kwa kichwa mpaka kwenye ngazi ya baraza, akaiacha ianguke, ikadunda, mukene wakamwagika wawili watatu kwa mpigo. Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu gunia limwangushe, kicheko kilichotoka upande mmoja zaidi ya mwingine, na Jaja akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuhakikisha ni nani.

Ningefurahi, na nilifurahi kidogo, ila kuna kitu nilikiona kikanichokoza. Hajati alipiga chupa kwa mguu wa kushoto. Kila mara. Niliketi kwenye ngazi nikamchunguza, hakubadilisha hata siku moja. Kushoto, kushoto, kushoto, kisha anakula. Na hakuna aliyemwambia kitu. Nilivumilia, nikashindwa.

"Baba," nikasema, "Hajati anakula kwa kushoto. Mbona humfungi?"

Baba alikuwa anaingiza mukene. Akaacha, samaki ametokeza nusu. Alimtazama paka, akanitazama mimi, akautazama mkono wangu, kisha akageuka upande wa barabarani. Nikajua nimekosa adabu, nikaondoka kabla hajaniita.

Afande alileta chupa mpya, na hapo nikaanza kuona ukatili. Tundu la chupa ya pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza. La tatu likawa dogo zaidi, kiasi cha kalamu, mukene akapita kwa kuelekezwa kichwa mbele, taratibu, akipinda kidogo tu anavunjika. Hajati aliitikisa chupa hiyo kwa muda mrefu kupata samaki mmoja. Alilia. Nami nilimhurumia, pamoja na yote, maana niliijua shida ya kufundishwa kula. Nilijiuliza Baba na Afande wanataka nini kwa huyu mnyama. Kila akifaulu wanampunguzia tundu. Akizoea, wanamkazia. Na Baba kila siku yuko barazani na zile chupa, jasho linamtoka kivulini, anaongea na mukene kwa sauti ya chini, "Ingia, ingia wewe," wakati sisi hatuambii neno.

Asubuhi moja Baba alikuwa amelala baada ya dawa. Chupa ilikuwa tupu kwenye mkeka, mukene wako kwenye ungo. Nilikuwa nimezunguka uwanja mpaka nimechoka, nikafikiri: nikiijaza mimi, Baba akiamka atakuta kazi imekwisha, hatakuwa na la kufanya, atakuja kukaa nasi. Nikakaa. Nikawaingiza kwa mkono wangu wa kushoto, ule wenye akili, vidole vinaruka kama vya mwenye kupiga ngoma. Mukene waliingia kama mvua. Hata muda haukupita, chupa ikajaa mpaka shingoni. Nilijisikia fahari sana. Sikujua kwamba alikuwa ameamka na kusimama mlangoni, ananitazama.

Alikuja akiburuza mguu. Akaichukua chupa, akaigeuza, akaitikisa kwa mkono wake mzima kwa nguvu mpaka mukene wakaanza kutoka, wakakwama, akatoa kisu akaipasua. Wote wakamwagika kwenye mkeka. Akakaa chini, akavuta chupa nyingine, akaanza upya, mmoja mmoja. Mkono ulikuwa unatetemeka sana.

Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikajibanza kati ya ukuta na tangi la maji, nikalia mpaka pua ikaziba. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Nimewagusa kwa kushoto, ndiyo maana amewamwaga. Hata paka hastahili samaki walioguswa na mkono huu. Nilikuwa na mkono mmoja mchafu, na Baba alikuwa anakula peke yake ili asiuone. Sikumwambia Mama, aliporudi amechoka na mchanga wa Masese kwenye viatu. Kuanzia siku hiyo niliukalia mkono ule hata shuleni, hata nikisikiliza tu mwalimu, mpaka wenzangu wakaniuliza kama nina jipu.

Mvua zikaja, zikapita. Siku moja Mama alirudi mapema kuliko kawaida, mauzo yalikuwa mazuri, akapika mwenyewe: posho, na mukene kwenye mchuzi mzito wa karanga. Jaja alitandika mkeka, akaacha nafasi. Hajati, ambaye adabu ilikuwa inampungua kila siku, alikwenda akajilaza kwenye ile nafasi kama yake. Mama alikuwa ameinama anapakua kwenye sahani ya Baba, kawa iko pembeni, tukasikia mlango. Mguu ukaburuzika. Baba akasimama juu yetu, amevaa kanzu yake, amekwisha kunawa, maji yanadondoka kwenye vidole.

"Nani amempa huyu mahali pangu?" akasema.

Akainama, akamsogeza Hajati kwa mkono wa kulia. Kwa ule ule. Akaketi.

Jaja alisema "Bismillahi" kwa sauti ya mtu anayevuka barabara yenye magari mengi. Baba akapeleka mkono kwenye sinia. Vidole vitatu vilifunguka polepole, viwili vilibaki vimejikunja. Vikashika posho. Si tonge, kipande tu kisicho na umbo. Akakichovya, akakiinua, nusu ikadondoka kwenye mkeka na Hajati akaila kabla haijatulia. Siraji alifungua mdomo kusema, Mama akamfinya. Kipande kilichobaki kikaenda, kikatetemeka, kikapotea njia kuelekea shavuni, kikarudi, kikaingia. Baba akatafuna. Mchuzi wa karanga ulikuwa kwenye ndevu zake, na hakuna mtu niliyewahi kumwona mzuri kuliko yeye jioni ile.

Hapo ndipo nilipoelewa chupa zilikuwa za nani. Baba alijua tangu siku ya kwanza, na Afande alijua kwamba anajua. Hata Jaja alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyeamini kwamba ni paka anayefundishwa. Matundu yalipungua kwa sababu vidole vilivyotii vilikuwa vinaongezeka, na chupa niliyoijaza mimi aliimwaga kwa sababu kazi ile ilikuwa ya mkono wake. Na chakula alichotoka nacho Hajati chumbani kilikuwa hiki hiki, kilichomwagika kutoka kwenye mkono unaojifunza mlango ukiwa umefungwa, sisi tusione. Niliona haya, nikafurahi, nikataka kuinuka nikakimbie kule barabarani nirudi, lakini sikuthubutu kutikisika.

"Mna nini?" Baba akasema. "Kuleni. Posho inapoa."

Tukala. Yeye alikwenda polepole, kipande kimoja, anapumzika, kingine. Katikati ya kupumzika akanigeukia.

"Mkono wako uko wapi?"

Nikauinua wa kulia, una mchuzi.

"Ule mwingine."

"Nimeukalia, Baba."

"Utoe."

Niliutoa chini ya paja. Ulikuwa umekufa ganzi, na michoro ya mkeka ilikuwa imejichora kwenye ngozi. Sikujua niuweke wapi. Baba aliushika kwa vile vidole vyake vitatu, bado vina joto la posho, akaugeuza, akaitazama ile michoro.

"Kumbe ni kazi hivi," alisema. "Mimi nilidhani mkono unaambiwa tu."

Jaja alivuta pumzi ya kutaka kusema. Kisha akachukua mukene wengi, akawasukuma upande wangu wa sinia. Baba akauachia mkono wangu. Sikula nao, wa kulia ulikuwa umeshazoea, na mpaka leo nala kwa kulia. Niliulaza tu juu ya mkeka, wazi, mbele ya watu wote, mara ya kwanza tangu niijue leso. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Hajati alikuja, akaunusa, akaulamba.